Nyumba bila ardhi: seva iliyopanga ndani ya laptopu yako

Mpwa wangu alinijia Jumamosi moja baada ya Alasiri, laptopu kwapani, uso umemshuka. Tulipomaliza salamu akaiweka mezani bila hata kungoja chai. "Mjomba, hii imenishinda."

Alikuwa amesakinisha Ubuntu Server, mfumo endeshi wa seva wa ukoo wa Linux, ndani ya VirtualBox, programu inayoumba kompyuta pepe ndani ya kompyuta yako, akaongeza nginx, programu ya kuhudumia tovuti, ili aone ukurasa, na kila hatua ilikubali. Ndani ya seva akaandika `ip a`, seva ikamwambia anwani yake ni 10.0.2.15. Akahamia upande wa Windows, akafungua kivinjari, akaandika 10.0.2.15, akangoja. Kivinjari kilizunguka mpaka kikakata tamaa. Akafuta kila kitu na kuanza upya. Mara tatu. Anwani ikarudi ileile, na ukurasa haukufunguka.

Angerudia hata mara thelathini ingekuwa vilevile, maana katika usakinishaji hakukosea popote. Alikosea kudhani kwamba yeye na seva wamesimama upande mmoja wa ukuta. 10.0.2.15 ilikuwa namba ya chumba, naye alikuwa barabarani akiiulizia kwa wapita njia.

Kusakinisha kwenyewe ndiyo sehemu nyepesi: ni kubonyeza Enter kwa nusu saa hivi. Kinachowachanganya watu ni kwamba sasa kuna kompyuta mbili katika kiwiliwili kimoja, na kila utakachogusa, iwe kumbukumbu, diski, anwani au hata saa, ni cha mmoja kati ya hao wawili. Maelezo mengi hukutajia vya kubofya bila kukuambia hiki ni cha nani.

Kiwanja ni cha nani

Aliyekulia Majengo au Kisauni, mitaa ya hapa Mombasa, hana haja ya kufafanuliwa nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako: kuta, paa, milango, wapangaji na kodi wanayokulipa. Kiwanja ni cha mtu mwingine, nawe humlipa kodi ya ardhi. Unaweza kuiuza nyumba nzima na usiuze hata shubiri moja ya udongo ulio chini yake.

Mashine pepe ni nyumba ya namna hiyo. Ina mfumo endeshi wake, watumiaji wake, faili zake na maneno yake ya siri. Inaamini ina prosesa, RAM (kumbukumbu ya kazi), diski na kadi ya mtandao. Kumbe vyote hivyo ni vya laptopu, na VirtualBox ndiye karani wa mwenye ardhi, anayegawa vipande na kuhakikisha jirani hamegi cha mwenzake. Tofauti na mwenye nyumba wa Majengo ni kwamba mashine pepe haijui kama haina ardhi. Ukiiuliza ina RAM kiasi gani itakujibu GB 2 kwa kujiamini kabisa, na laptopu ina GB 8.

Fikra yenyewe ni ya zamani. IBM walikuwa wakigawa kompyuta moja kubwa kuwa kompyuta pepe nyingi tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakaitoa kwa wateja kwa jina la VM/370. Kwenye kompyuta za kawaida za mezani jambo hilo lilichelewa kwa sababu prosesa zake hazikuundwa kwa kugawika. VMware walipotoa programu yao ya kwanza mwaka 1999 ilibidi watumie mbinu nzito ya kutafsiri amri za mfumo mgeni, yaani ule ulio ndani ya mashine pepe, zikiwa njiani. Mwaka 2005 Intel wakatia uwezo huo ndani ya prosesa yenyewe wakauita VT-x, na AMD wakafuata mwaka 2006 na wa kwao.

Nayataja haya kwa sababu VT-x ndiyo huwazuia wengi mlangoni. Laptopu nyingi tunazonunua hapa mjini ni za mtumba, zilizotoka maofisini ng'ambo, na baadhi huja uwezo huo umezimwa. Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda sehemu ya Performance, bofya CPU, utazame palipoandikwa Virtualization. Kama ni Disabled, zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F2 au F10 uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kisha utafute Intel Virtualization Technology au, kwa AMD, SVM Mode. Iwashe, hifadhi, toka. Ukikuta BIOS imefungwa kwa neno la siri la ofisi iliyoitupa laptopu hiyo, rudi kwa aliyekuuzia mapema, kabla hajasahau sura yako.

Kuna na kisa cha kobe. Ukiona picha ndogo ya kobe wa kijani kwenye ukingo wa chini wa dirisha la VirtualBox, jua Windows yenyewe imeshajitwalia VT-x kwa kazi zake, hasa kupitia Hyper-V, karani wake mwenyewe wa mashine pepe, na VirtualBox inapitia mgongoni mwake. Seva itafanya kazi, ila kwa mwendo wa mnyama huyo. Kwa kujifunzia, mimi humwacha kobe atembee.

Kumbukumbu hurudi, diski hairudi

Unapoumba mashine pepe utaulizwa RAM, prosesa na diski. Kwa laptopu ya GB 8, ipe seva GB 2 na viini viwili vya prosesa. Usiwe mkarimu zaidi ya hapo, kwani Windows nayo inataka kula. RAM ni kitu cha kuazima: seva ikizimwa, inarudi kwa mwenyewe. Ukikosea kiasi, zima seva, badilisha namba, washa.

Diski ina tabia nyingine. VirtualBox itakupendekezea diski ya GB 25 inayokua kadiri ya matumizi. Maana yake ni kwamba kwenye laptopu litaundwa faili moja lenye kiishio cha .vdi, likianza dogo na kunenepa kila seva inapoandika. Ndani, seva huona GB 25 tangu siku ya kwanza. Nje, faili linaweza kuwa GB 4 tu. Na likishanenepa halikondi lenyewe hata ukifuta vitu ndani yake.

Hapa nilijichimbia shimo mwenyewe. Nilikuwa na laptopu iliyobakiwa na GB 18, nikaipa mashine pepe diski ya GB 50, nikijiambia hazitajaa leo wala kesho. Wiki tatu baadaye, usiku, dirisha la seva likaganda. VirtualBox ilikuwa imeisimamisha na kuweka ujumbe ambao niliufunga bila kuusoma, kama tufanyavyo wengi wetu usiku. Nikafuta filamu moja, nikaiendeleza seva, nikaandika `df -h` ndani yake. Ikasema nusu ya diski iko tupu. Baada ya dakika chache ikaganda tena. Nilipoteza saa nzima nikipekua kumbukumbu za matukio ndani ya seva, na ndani hapakuwa na kosa lolote. Nyumba ilikuwa na vyumba vitupu, kiwanja ndicho kilichokuwa kimekwisha. Tangu siku hiyo sitoi ahadi ya diski inayozidi nafasi iliyobaki kwenye laptopu.

Faili la usakinishaji, lenye kiishio cha .iso, pakua kutoka kwa Ubuntu wenyewe. Toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024 na lina matunzo ya kawaida ya miaka mitano, basi ni chaguo zuri la kujifunzia. Faili linakaribia GB 3, kwa hiyo angalia data yako kwanza. Likishafika, lihakiki kabla ya kulitumia, hasa kama mtandao ulikatika katikati. Kwenye Windows andika `certutil -hashfile`, acha nafasi, jina la faili, acha nafasi, kisha `SHA256`. Mstari mrefu utakaotoka uulinganishe na ule uliochapishwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Herufi moja tu ikitofautiana, pakua upya. Nimeona usakinishaji ukifa kila mara palepale kwa faili bovu, na mtu anailaumu laptopu.

VirtualBox za miaka hii, kuanzia toleo la 7, zina mtego wa ukarimu: hujitolea kukusakinishia peke yake bila kukuuliza kitu. Likatae chaguo hilo la Unattended Installation. Ukiliacha na majina yake ya mwanzo utaishia na mtumiaji aitwaye vboxuser mwenye neno la siri changeme, na hutakuwa umejifunza chochote.

Nusu saa ya Enter

Sasa washa. Utaingia kwenye skrini zenye maandishi matupu, hamna kipanya. Ukibofya ndani ya dirisha na kipanya kikamezwa, bonyeza Ctrl ya kulia kitarudi. Unatembea kwa mishale na Tab, unaweka alama kwa kitufe cha nafasi, unakubali kwa Enter. Lugha, kibodi, aina ya usakinishaji, mtandao, proksi: yote hayo pitisha yalivyo. Kwenye skrini ya proksi acha patupu.

Skrini ya diski ndiyo ya kusimama. Ubuntu hupanga diski kwa mfumo wa LVM, na ina kawaida isiyotangazwa kwa sauti. Kwa diski ya GB 25 itatenga karibu GB 2 kwa ajili ya kuwashia, na kwa zile 23 zinazobaki itakupa nusu tu, GB 11.5 hivi. Nusu ya pili inabaki akiba, haina kazi. Kwa seva kubwa ya kazini ni busara. Kwa mwanafunzi ni fumbo, kwani miezi miwili baadaye diski inajaa na hesabu hazikubaliani. Ukiwa bado kwenye skrini hiyo, shuka mpaka palipoandikwa ubuntu-lv, chagua Edit, uongeze ukubwa hadi mwisho. Na kama umeshapita, si msiba. Seva ikishawaka, amri hizi mbili, zenye `sudo` ya kuomba mamlaka ya msimamizi, zinamaliza kazi bila hata kuizima:

`sudo lvextend -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

`sudo resize2fs /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

Ya kwanza inabomoa ukuta wa kati, ya pili inaueleza mfumo wa faili kwamba chumba kimepanuka. Wengi huandika ya kwanza tu, wakaona `df -h` haijabadilika, wakadhani imekataa.

Baada ya diski utaulizwa jina lako, jina la seva, jina la mtumiaji na neno la siri. Jina la seva nitalirudia. Skrini ya Ubuntu Pro iruke. Inayofuata inauliza kuhusu OpenSSH, programu ya kuingilia seva kutoka kompyuta nyingine, na hapo weka alama kwa kitufe cha nafasi, kwani ndio mlango utakaoingilia maisha yako yote na seva. Orodha ndefu ya programu za ziada inayokuja mwishoni iache yote.

Ikimaliza itaomba iwashwe upya, na huenda ikakuambia uondoe chombo cha usakinishaji kisha ubonyeze Enter. Bonyeza tu, kwa kawaida VirtualBox hukitoa yenyewe.

Halafu kinakuja kitu kinachowatisha wageni wote. Neno `login:` linatokea, na papo hapo mistari kadhaa ya maandishi inalifunika, skrini inatulia, mtu anakaa kungoja kitu ambacho kilishafika. Bonyeza Enter mara moja, `login:` itajitokeza tena. Andika jina la mtumiaji, kisha neno la siri. Neno la siri halitaonekana, hata nyota hazitatokea. Kibodi yako haijaharibika.

Barua za S.L.P.

Turudi kwa mpwa wangu na 10.0.2.15 yake.

VirtualBox isipoambiwa vingine huunganisha kila mashine pepe kwa njia iitwayo NAT. Hebu ifikirie kama sanduku la posta. Nyumba ina vyumba sita, lakini S.L.P. ni moja, ya mwenye ardhi, kwa mfano namba fulani, 80100 Mombasa. Mpangaji akitaka kuandika barua, humpa mwenye ardhi, naye huituma kwa S.L.P. yake na kuandika kwenye daftari ni nani aliyeipeleka. Jibu likirudi hufungua daftari na kulipeleka chumba kinachohusika. Ndiyo maana seva ndani ya NAT inafika intaneti bila shida: `sudo apt update` inafanya kazi, masasisho yanashuka.

Ila barua ikija bila kutanguliwa na nyingine, yaani mtu wa nje ameanza yeye kuandika, daftari halina habari zake na mwenye ardhi hajui ampe nani. Anaitupa. Kivinjari cha mpwa wangu kilikuwa mtu huyo wa nje. Tena kwa NAT kila mashine pepe inawekwa kwenye kamtandao kake ka peke yake, na kwenye kila kamoja anwani inayogawiwa ni 10.0.2.15, lango ni 10.0.2.2. Ukiwa na seva tatu zote zitakuambia ni 10.0.2.15. Ni kama kila nyumba mtaani kuwa na "chumba cha mbele". Ndani ya nyumba kila mtu anakijua. Ukimwambia dereva wa matatu akushushe chumba cha mbele, atakucheka.

Dawa ni kumpa mwenye ardhi maagizo: barua yoyote itakayoandikwa 2222 ni yangu, niletee mlango namba 22, ule wa SSH. Kwenye VirtualBox fungua Settings ya mashine hiyo, Network, kisha Port Forwarding, uongeze mstari: Host IP 127.0.0.1, Host Port 2222, Guest Port 22 (Host ni laptopu, Guest ni seva). Ongeza na wa pili, 8080 kwenda 80, kwa ajili ya tovuti. Nilimwachia aandike mwenyewe. Akarudi kwenye kivinjari, akaandika 127.0.0.1:8080, na ukurasa wa nginx ukafunguka kabla hajatoa kidole kwenye Enter. 127.0.0.1 maana yake ni "mimi mwenyewe", yaani laptopu. Alikuwa anabisha kwa mwenye ardhi, na safari hii mwenye ardhi alijua pa kumpeleka.

Kisha akajaribu kuingia kwa SSH. Windows 11 na matoleo ya mwisho ya Windows 10 yana SSH ndani yake, kwa hiyo fungua PowerShell na uandike:

`ssh -p 2222 jina@127.0.0.1`

Hilo `jina` ni la mtumiaji uliyemuunda ndani ya seva. Wengi huandika lao la Windows. Hapo kuna urasimu mdogo: SSH itakuambia haijawahi kukutana na seva hii, nawe unakubali kwa kuandika `yes` kwa ukamilifu. Laptopu inaihifadhi alama ya utambulisho wa seva. Sasa, anayefuta seva na kusakinisha mpya kwenye mlango uleule wa 2222, kama alivyozoea kijana wangu, siku nyingine atakutana na ukuta wa alama za @ na tangazo kwa herufi kubwa kwamba utambulisho umebadilika, na huenda mtu anafanya jambo ovu. Hakuna mwizi. Nyumba ya zamani imebomolewa, mpya imejengwa palepale, na mlinzi bado anaikumbuka sura ya zamani. Amri `ssh-keygen -R "[127.0.0.1]:2222"` inamsahaulisha. Lakini onyo hilo ukilipata kwa seva uliyoikodi na ambayo hujaigusa, usilisahaulishe. Kwanza uliza.

Njia ya pili ya mtandao ni Bridged. Hapo seva haitumii tena sanduku la mwenye ardhi, inapata anwani yake kutoka kwenye ruta ya nyumbani kama simu au runinga, na kila aliye kwenye waifai hiyo anaweza kuifikia. Ni nzuri ukitaka kuonyesha kazi yako kwenye simu ya mwenzako. Ubaya wake ni kwamba inategemea hisani ya ruta. Kwenye waifai za vyuo na mikahawa mara nyingi seva hainyimwi kwa maneno, inanyimwa kwa kimya: haipati anwani basi. Na ukihama na laptopu kutoka Tudor kwenda Mtwapa, anwani nayo inahama.

Mimi hupenda kuacha NAT kwa ajili ya kutoka nje na kuongeza kadi ya pili ya aina ya Host-only, ambayo ni uwa wa ndani: laptopu na mashine pepe zake wanaonana, jirani haoni kitu. Kwa kawaida uwa huo una namba za 192.168.56, na laptopu yenyewe ni 192.168.56.1. Kadi ya kwanza ndani ya seva itaitwa enp0s3, ya pili enp0s8. Majina hayo yanatisha, lakini ni ramani tu ya mahali kadi ilipochomekwa kwenye ubao pepe. Ili seva iwe na anwani isiyobadilika uani, unda faili `/etc/netplan/60-uani.yaml` lenye maneno haya:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s8:
      addresses: [192.168.56.10/24]
```

Nafasi za mwanzo wa mistari ndizo sarufi ya faili hili. Tumia kitufe cha nafasi, Tab haikubaliwi kabisa. Lifunge kwa `sudo chmod 600` ili wengine wasilisome, halafu badala ya kutekeleza moja kwa moja andika `sudo netplan try`. Amri hiyo inajaribu mpangilio na kukupa sekunde 120 za kukubali. Usipojibu, labda kwa sababu umejikatia njia mwenyewe, inarudisha ulivyokuwa. Natamani vitu vingi zaidi maishani vingekuwa na `try`.

Saa tatu, saa sita, saa tisa

Seva mpya ya Ubuntu hufuata saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Jambo dogo mpaka siku ya matatizo. Mwenye duka anakupigia: mfumo ulikatika saa tatu asubuhi. Kwenye laptopu yako hiyo ni 09:00. Kwenye kumbukumbu za matukio za seva ni 06:00. Tatu, sita, tisa, na zote ni dakika ileile. Mgeni akisikia "saa tatu" na kutafuta 03:00, atasoma habari za usiku wa manane na kukuambia hakuona kitu. Ipe seva saa ya hapa:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`

Saa huleta na kituko kingine kwa mashine pepe. Ukisimamisha seva leo usiku na kuiendeleza kesho, inaamka ikidhani bado ni jana mpaka ijirekebishe kwa mtandao. Ukikimbilia `apt update` kabla haijajirekebisha, inaweza kulalamika kwamba orodha ya vifurushi bado haijaanza kuwa halali, kana kwamba imetoka siku za usoni. Subiri kidogo, urudie.

Yaliyobaki ni mafupi. `sudo apt update` kisha `sudo apt upgrade`, na uifanye desturi. Faiawoli, mlinzi wa milango ya mtandao: andika `sudo ufw allow OpenSSH` kabla ya `sudo ufw enable`, kwa mpangilio huo. Ukiwa na tovuti, ruhusu na 80. Ukigeuza mpangilio kwenye mashine pepe ya laptopuni unaweza kujiokoa kwa kuingilia dirisha la VirtualBox, ambalo ni mlango wa nyuma usiopita kwenye mtandao. Kwenye seva ya kukodi hali inategemea kama mwenyewe amekuwekea mlango kama huo.

Kuhusu seva za kukodi, ni nyumba bila ardhi pia, ila mwenye ardhi yuko mbali. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa Mombasa mwaka 2009 na nyingine zikafuata, kwa hiyo kipande cha waya kinapita karibu nasi sana, lakini seva unayolipia kila mwezi inaweza kuwa Frankfurt au Cape Town. Amri ni zilezile. Tofauti utaihisi kwenye kidole: unaandika herufi, inachelewa kidogo kutokea.

Na stima zikipotea? Laptopu ina betri, lakini betri za mtumba tunazijua. Kuzimika ghafla kwa mwenye ardhi ni sawa na kuichomoa seva ukutani. Mfumo wa faili wa ext4 una daftari la kujirekebishia, kwa hiyo mara nyingi itaamka salama, ila kilichokuwa kikiandikwa wakati huo hakina dhamana. Kabla ya kujaribu jambo la hatari piga Snapshot, picha ya hali ya seva ilivyo, na ukiharibu unarudi hapo kwa kubofya. Usiiite hiyo nakala ya akiba. Picha hizo zinakaa kwenye diski ileile ya laptopu ileile. Kiwanja kikichukuliwa na maji, albamu inaenda pamoja na nyumba. Kwa akiba ya kweli, zima seva, ihamishe kwa Export Appliance iwe faili moja, uliweke kwenye diski ya nje.

Jina la seva niliahidi kulirudia. Kwenye skrini nyeusi kila mstari unaanza na jina la mtumiaji, alama ya @, kisha jina la mashine, na hicho ndicho kibao pekee kinachokuambia umesimama nyumba gani. Watu huandika "server" au "ubuntu" na kuendelea. Laptopu yangu mwenyewe ni ya Linux, na wakati mmoja laptopu na seva zote ziliitwa ubuntu. Nikiwa na madirisha mawili mbele yangu niliandika `sudo poweroff` kuizima seva, na laptopu yote ikazimika na barua pepe niliyokuwa nikiiandika kwa nusu saa. Siku hizi naipa kila mashine jina la mahali ninapopajua. Jina likishawekwa vibaya, `sudo hostnamectl set-hostname` ikifuatwa na jina jipya linabadilika, kisha toka na uingie tena ulione.

Mpwa wangu yake ameiita makupa, jina la daraja la kuingilia kisiwani Mombasa. Nilimuuliza kwa nini. "Si ndipo unapovukia, mjomba," akasema, na akaanza kuandika bila kuniangalia.